Dizeli ya cc 2500 au cc 3000: familia ya Tanga inaanza hesabu mahali pasipofaa

Julai 2017 serikali iliondoa ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka, ile iliyokuwa ikipanda kadiri cc zinavyopanda. Badala yake ikaongezwa Sh 40 ya ushuru kwenye kila lita ya mafuta. Miaka imepita, lakini mtu anayetafuta gari la dizeli la familia hapa Tanga bado anapewa ushauri wa enzi ya ada: chukua cc ndogo, kubwa itakumaliza. Madalali wanasema hivyo, mafundi wa Ngamiani wanasema hivyo, na shemeji aliyewahi kumiliki gari moja tu maishani naye anasema hivyo hivyo. Kwa familia inayotaka viti saba na safari za nje ya mji, naona ushauri huo unawaingiza watu kwenye gari lisilowafaa, tena kwa jina la kubana matumizi.

Kwenye petroli ushauri huo una mashiko. Injini ya petroli hupunguza nguvu kwa kubana hewa inayoingia, kwa hiyo ukiendesha polepole pistoni zinavuta hewa kwa shida, na kadiri injini ilivyo kubwa ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyopotea kwa kazi hiyo isiyo na faida. Dizeli inafanya kazi kwa namna nyingine. Hewa huachwa iingie karibu yote, na kinachopimwa ni dizeli inayorushwa na nozeli. Ukiwa tambarare, mguu umeulegeza, injini ya cc 3000 inapewa dizeli ya kutosha kazi iliyopo tu. Ni kweli bado inakunywa zaidi kidogo: pistoni zake ni nzito, msuguano wake ni mkubwa, na ikiachwa inaunguruma nje ya shule huku AC imewashwa, tofauti inaonekana. Ila tofauti hiyo ni ndogo kuliko namba za cc zinavyotisha.

Tuihesabu, maana hapa ndipo watu wanapoogopa bila kushika kalamu. Tuseme injini kubwa inakunywa lita moja zaidi kwa kila kilomita 100, na familia inatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 120. Kwa bei ya kukadiria ya Sh 2,800 kwa lita, ni Sh 336,000 kwa mwaka, yaani Sh 28,000 kwa mwezi. Bei yenyewe EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, huitangaza kila mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa mafuta yanashushwa pia bandari ya hapa, kwa hiyo kila mtu aweke namba ya mwezi wake. Sh 28,000 si pesa ya kudharau kwa mwalimu au muuguzi. Lakini ndiyo pesa yote inayobishaniwa, na imepatikana kwa kudhani kwamba injini ndogo itaendelea kuokoa lita hiyo moja hata gari likiwa limejaa watu na linapanda mlima. Haitaendelea.

Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ambayo nusu ya familia za mji huu zina sababu ya kuipanda, iwe msiba, harusi au wazazi. Ni kilomita 30 na kitu za kona, na kutoka chini hadi juu unapanda karibu mita 1,000. Gari la viti saba lenye watu na mizigo linafika tani mbili na nusu. Kuinua uzito huo mita 1,000 kunahitaji nguvu ya takriban lita mbili za dizeli, ukihesabu kwamba injini inageuza kuwa kazi theluthi moja tu ya joto la mafuta. Lita hizo mbili zinatoka kwenye tanki, injini iwe ya cc 2500 au 3000. Mlima hausomi cc. Kinachobadilika ni jinsi injini inavyoifanya hiyo kazi: kubwa inapanda kwa gia ya juu kidogo, mizunguko michache, mshale wa joto umetulia. Ndogo inapanda kwa gia ya pili, inalia, tabo (turbo) inasukuma hewa kwa nguvu zake zote, na joto lote hilo linapita kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

Hapo kwenye silinda hedi ndipo akiba ya Sh 28,000 inapokwenda kuishia. Toyota waliwahi kufunga injini ya 2L-TE, cc 2446 yenye tabo, kwenye Prado na Surf za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bodi zilikuwa nzito, injini ndogo, na jina lake gereji likawa jina la hedi zinazopasuka. Kuanzia 1993 wakaleta 1KZ-TE ya cc 2982 kwa bodi hizo hizo. Mitsubishi nao waliongeza 4M40 ya cc 2835 kwenye Pajero iliyokuwa na 4D56 ya cc 2477. Kampuni mbili, nchi moja, uamuzi unaofanana katika kipindi kimoja. Waliotengeneza magari hayo waliona kwamba bodi ya karibu tani mbili inataka injini zaidi, na sisi huku tunashauriana kurudi nyuma. Kwa Pajero kuna jambo jingine la pembeni lenye uzito: 4D56 inatumia mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwa ratiba, na mkanda huo ukikatika injini huumia, 4M40 inatumia cheni.

Kuhusu kodi, hesabu inategemea gari liko wapi. Anayeagiza kutoka Japan analipa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa gari la cc 1001 hadi 2000, au asilimia 10 likizidi cc 2000, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Kwa gari lenye thamani ya Sh milioni 20 likifika bandarini, kuvuka mstari wa cc 2000 kunaongeza karibu Sh 1,475,000. Hiyo ni pesa nzito, na anayeokoa kwa kubaki chini ya mstari ana haki ya kufurahi. Lakini angalia mstari uko wapi: uko kwenye 2000. Kati ya 2500 na 3000 ushuru wa bidhaa ni ule ule. Kwenye usajili, kwa viwango vilivyowekwa 2017, gari la cc 1501 hadi 2500 lililipa Sh 250,000 na la zaidi ya hapo Sh 300,000. Fortuner ya cc 2494 na ile ya cc 2982 zinatofautishwa na Sh 50,000 za usajili, mara moja tu. Na ukinunua gari lenye namba tayari, namba C au D au E, la mtu wa Raskazone au Sahare, hata hiyo ilishalipwa zamani na mwenye kwanza. Kodi inayokufuata baada ya hapo iko ndani ya lita, na lita zinafuata uzito wa gari, barabara na mguu wa dereva kabla hazijafuata cc.

Upande wa pili una hoja, na ya kwanza ni mji wetu wenyewe. Tanga ni tambarare na fupi. Kutoka Makorora hadi Chumbageni injini kubwa haijapata hata moto wake sawasawa na umeshafika. Familia ya watu wanne ambao safari yao ndefu ni Pangani haina kazi ya kuipa cc 3000. Itabeba chuma kizito, itanunua matairi ya bei kubwa, na oili yake itakuwa karibu lita saba kila inapobadilishwa, wakati gari dogo linatosheka na tano.

Hoja ya pili ni ya kiufundi, na wanaoitetea dizeli kubwa kwa mazoea hawaipendi. Cc hazisemi tena nguvu. Land Cruiser yenye 1HZ ya cc 4164, isiyo na tabo, inatoa msukumo wa takriban Nm 285. Mazda CX-5 ya dizeli, cc 2188, inatoa Nm 420, tena kwenye bodi nyepesi zaidi. X-Trail 20GT ina cc 1995, kwa hiyo inapita chini ya mstari wa ushuru, na bado inatoa Nm 360. Magari hayo mawili ya mwisho yanapanda Lushoto na familia ya watano bila kulalamika. Anayesema hayawezi kwa sababu ya cc amekosea kama anavyokosea yule anayesema cc 3000 lazima ifilisi.

Ila nguvu hiyo ina masharti, na muuzaji huwa hayataji. Nozeli za Mazda zinarusha dizeli kwa shinikizo la bar 2,000. Kukiwa na maji kidogo kwenye tanki au filta iliyopitwa na wakati, zinaumia, na kuzipima kunataka mashine maalumu, si masikio ya fundi. Halafu kuna kichujio cha masizi kwenye eksozi. Kikijaa, injini hurusha dizeli ya ziada ili kuyachoma masizi hayo, na kazi hiyo inataka mwendo mrefu wenye moto. Familia ya safari fupi za shule na soko inaikatiza kazi hiyo kila siku. Sehemu ya dizeli inateremka kwenye oili, oili inazimuka na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo dizeli ndogo ya kisasa, inayouzwa kama gari la mjini, ndiyo inayoumizwa na mji. (Dizeli kubwa mpya kama 1GD ya Toyota, cc 2755, nayo mara nyingi ina kichujio hicho, kwa hiyo hapa ninachopima ni umri wa teknolojia.) Mtu ambaye kweli haendi mbali na Ngamiani ningemwambia aache dizeli kabisa, achukue petroli ya cc 1500, alale usingizi.

Injini kubwa nazo zina madoa yake, na itakuwa udanganyifu kuyaficha. 1KZ-TE nayo hupasuka hedi ikiachwa ichemke. 1KD-FTV, ile D-4D ya cc 2982 iliyo kwenye Fortuner, inajulikana kwa mihuri ya shaba chini ya nozeli kuvuja: masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la kufyonzea oili chini kabisa, na injini inakosa oili ikiwa inatembea. Mihuri ikibadilishwa mapema, sampu (bakuli la oili) ikafunguliwa na chujio likakaguliwa, ni ugonjwa unaozuilika. Ikipuuzwa, utanunua injini.

Nikiweka yote hayo pamoja, bado nasimama upande wa injini kubwa pale ambapo bodi ni moja. Fortuner, HiAce, Pajero, Surf: ukikuta mbili zenye hali sawa na bei zinazokaribiana, za cc tofauti, na familia yako inajaza viti na inapanda milima, chukua kubwa. Fikiria pia barabara ya Segera kwenda Chalinze. Kabuku, Mkata, Mbwewe, Msata, Lugoba, kila kijiji kibao cha 50 na tochi ya trafiki ikisubiri, na kati ya kijiji na kijiji lori la saruji kutoka Pongwe liko mbele yako. Kila mara unatoka 50 kurudi 80, gari limejaa, watoto wamelala nyuma, na nafasi ya kulipita lori ni fupi. Dereva mwenye injini inayochelewa kuitikia anakaa upande usio wake sekunde zaidi kuliko mwenzake. Wanaohesabu dizeli hawaziweki sekunde hizo kwenye hesabu, nami sielewi kwa nini, kwa sababu ndizo ninazozijali kuliko shilingi zote nilizotaja hapo juu.

Kama bajeti haifiki, punguza bodi kwanza: X-Trail ya cc 1995 inayobeba watano kwa raha inashinda gari la viti saba linaloburutwa na injini isiyolitosha. Na gari lolote utakaloliona, usilijaribu kwa mzunguko wa Raskazone. Pakia watu wazima watano, washa AC, nenda nalo Muheza ukapande barabara ya Amani. Simama juu bila kuzima injini. Angalia mshale wa joto, angalia kama mpira wa juu wa rejeta umevimba na kuwa mgumu, sikiliza kama feni inakaza. Likipoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji yana mafuta au yamepungua, na kwa kuwa ni gari la pwani, pitisha mkono chini ya rejeta na kwenye chesesi utafute kutu ya chumvi. Mwenye gari akikataa safari hiyo, tafuta lingine.