Usiniambie ni i7, nionyeshe chuma

"Hii hapa i7, mzee wangu. Mashine ya kazi." Kijana aliichomoa kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa prosesa, zile chipu ambazo ndizo ubongo wa kompyuta, akaniwekea kiganjani. Juu ilikuwa imegandwa na pesti ya kupitishia joto iliyokauka ikawa kama chokaa ya ukutani. Bei, laki moja na ishirini. Tulikuwa mitaa ya nyuma ya Stendi Ndogo hapa Arusha, mimi na mpwa wangu, ambaye kompyuta yake ya mezani, Dell OptiPlex 7010, ilikuwa imeanza kumchosha kila akikaa kuhariri video.

Nikaomba kitambaa na spiriti kidogo. Kijana akanuna, akasema nikifuta tu, waranti imekufa. Waranti ya kitu kilichotoka kwenye kopo! Tukacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka, tukaifuta.

Chuma cha juu yake kilikuwa kimeandikwa i7 870. Chini yake SLBJG, halafu 2.93GHZ.

Sasa, kijana hakunidanganya. Ile ni i7 halali kabisa. Watengenezaji wake, Intel, waliitoa mwaka 2009, ina viini vinne (ni kama vichwa vinne vya kufanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoweza kushika kwa pamoja), na enzi zake mwenye nayo alikuwa anatamba. Ila inakaa kwenye soketi (kiti chake kwenye bodi kuu ya kompyuta) ya LGA1156, na bodi ya mpwa wangu ni LGA1155. Ukisikia namba hizo unadhani ni ndugu. Vile vijipengo viwili vya pembeni, vinavyoelekeza prosesa ikae wapi, haviko mahali pamoja, kwa hiyo haiingii hata uibembeleze. Na hata ingeingia, 870 haina sehemu ya picha ndani yake, wakati mashine ya mpwa wangu haina kadi ya picha. Angewasha akatazama kioo cheusi.

Ndiyo maana lawama siwatupii wauzaji peke yao. Sisi wanunuzi ndio tuliowazoesha. Tunaingia dukani na swali moja tu: "Ni i ngapi?" Tukijibiwa i7, macho yanang'aa, mkono unaingia mfukoni. Lakini i7 ni jina la ukoo. Ukiniambia kuna Mollel amekuja kunitafuta, hapa Arusha hujaniambia kitu bado. Mollel yupi?

Anayekujibu ni namba inayofuata. Ikiwa na tarakimu tatu, kama hiyo 870, ujue ni kizazi cha kwanza. Kwenye prosesa za kompyuta za mezani, tarakimu nne maana yake ile ya mbele ndiyo kizazi: 2600 ni cha pili, 3470 cha tatu, 8400 cha nane. Zikiwa tano unasoma mbili za mbele, kwa hiyo 10100 ni cha kumi. Chukua i7-2600 ya mwaka 2011 na i3-10100 ya mwaka 2020. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane. Ila hiyo i3 inapanda mpaka kasi ya gigahezi 4.3, na imepangiwa wati 65 wakati mwenzake ana 95. Mwenye kununua umeme wa LUKU kwa elfu mbili mbili anaelewa ninachosema. Pamoja na hayo, mtu atatoa pesa zaidi kwa i7 kwa sababu tu saba ni kubwa kuliko tatu.

Herufi ya mwishoni nayo isipuuzwe. U ni ya laptopu za kubana umeme, na hapo ndipo wengi wanapigwa: i7-7500U ina viini viwili tu, halafu i5-8250U iliyokuja mwaka mmoja baadaye ina vinne. T ni ya mezani iliyopunguzwa makali. i5-6500 ya kawaida inaanzia gigahezi 3.2, ile yenye T inaanzia 2.5. F haina sehemu ya picha ndani yake.

Haya yote yameandikwa juu ya chuma, na chuma ndicho ninachokiamini. Siamini stika. Stika inabandikwa kwenye kasha, na kasha linahama. Miaka kadhaa nyuma niliuziwa mashine ina stika ya i7 imekaa vizuri kabisa, nikapanda nayo kifodi mpaka nyumbani nimeipakata kama mtoto mchanga. Nilipofungua, ndani kulikuwa na i3-2100. Duka silitaji. Sikuuliza kitu siku hiyo, nilitazama stika nikalipa.

Ukishafuta pesti, maandishi huwa hafifu. Usiyatazame kwa kuinamia moja kwa moja. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni, geuza chipu taratibu mpaka herufi zijitokeze. Kama bado, ipulizie pumzi kama unayesafisha miwani. Cha kutafuta kwanza ni ule msimbo mfupi unaoanza na SL kwa zile za zamani au SR kwa zilizofuata. Huo ndio alama ya kidole. SR00B ni i7-2600, SR0T8 ni i5-3470. Hata jina likiwa limekwanguka, msimbo huo ukiuandika kwenye intaneti unapewa kila kitu: soketi, viini, wati. Mwaka ulio karibu na alama ya hakimiliki si mwaka wa kutengenezwa, usikutie kiwewe. Wa kutengenezwa umejificha kwenye namba ya fungu, ile ndefu: ikianza L224, basi imetoka Malaysia, mwaka 2012, wiki ya 24.

Ukikuta badala ya jina pameandikwa INTEL CONFIDENTIAL, na msimbo unaanza na Q, hiyo ni sampuli ya majaribio. Haikukusudiwa kuuzwa. Inaweza ikafanya kazi, inaweza ikagoma kwenye bodi yako bila maelezo. Mimi huirudisha kwenye kopo.

Na kama chuma kimesuguliwa kikawa kitupu? Hapo sinunui mpaka iwashwe mbele yangu, kwenye bodi ya fundi mwenyewe. Tena nataka nione BIOS kwanza, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, kisha CPU-Z, programu ya bure inayoiuliza chipu yenyewe. Ule ukurasa wa Windows unaoonyesha jina la prosesa si shahidi wa kutegemewa, kwani mjanja anaweza kubadilisha maandishi yale kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows. Fundi akisema hana bodi ya kujaribia, namwambia nitarudi akiipata.

Bodi yako nayo ijue kabla hujatoka nyumbani. Kuna soketi zenye jina moja na hazielewani: LGA1151 ilipokea kizazi cha sita na cha saba, halafu cha nane kikaja na jina hilohilo la soketi lakini kikataka bodi mpya. Kwa AMD, washindani wa Intel, nitasema moja tu: kwenye soketi ya AM4 na zilizoitangulia, pini zimeota kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo igeuze uhesabu mistari kama imenyooka. Kwenye Intel pini ziko kwenye bodi, chunguza huko.

Hicho kizazi cha nane ndicho mpaka wa mambo sasa hivi. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia hapo, isipokuwa chache sana, na msaada wa Windows 10 ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya Ulaya yanaziondoa zile za sita na saba, na sioni zitakwenda wapi kama si kwetu. Mimi nasema zije. Kwa Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, au kazi za kuandika bado zina nguvu tele. Ila bei yake iwe ya kizazi cha sita, isiwe ya neno i7.

Tulichimba kopo karibu nusu saa. Mpwa wangu ndiye aliyeipata, tochi mkononi: "Anko, SR0T8!" i5-3470, viini vinne, soketi yake ileile, na yake ilikuwa i3-3220 ya viini viwili. Tukaafikiana elfu thelathini na tano. Kijana akaichukua ile 870, safi sasa, akairudisha juu kabisa ya kopo.

Hatujamaliza kulipa, akaingia chalii mwingine, kofia kichwani, hata salamu hajaimaliza.

"Kaka, i7 zipo?"