Jibu hoja, kanisa langu utaliuliza baadaye

Kwenye kilio kimoja hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, wanaume walikuwa wanabishana juu ya kubadilisha katiba ya Kongo yetu. Mabishano matamu, ya kukeshea. Kijana mmoja akasema kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya Rais. Badala ya jibu akapewa swali: "We unasaliaka wapi?" Kwa Wakatoliki. Basi, kesi imekwisha, ametumwa na maaskofu wanaopinga mabadiliko! Baba mmoja akatetea mabadiliko, naye akaulizwa anatokea wapi. Kasai, kwao Rais. Ahaa! Watu wakacheka, kila mmoja akajiona mchambuzi.

Kwa nini basi tusiweke mtu mlangoni pa hema akague vyeti vya ubatizo na majina ya vijiji? Tungelala mapema.

Mimi sikucheka. Mji huu unalijua swali hilo. Agosti 1992, Konferensi ya Taifa, mkutano wa kupanga siasa mpya ya nchi, kule Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond. Mmoja Mkasai, mwingine Mkatanga. Lilikuwa jambo la siasa: nani anafaa, na ana mpango gani? Huku kwetu Katanga nani alijisumbua nalo? Jirani wa jana, Mkasai, akaitwa kilulu, yaani mdudu. Watu waliozeekea kwenye kazi za kampuni ya madini ya Gécamines wakafukuzwa majumbani mwao, familia zikalala stesheni ya Likasi zikingoja treni ya kwenda Kasai, ambako watoto wao wengi hawajawahi kukanyaga. Wako waliofia palepale, na wako waliofia njiani. Wazee waliokuwa wanacheka kwenye kile kilio waliyaona haya kwa macho yao. Ndiyo maana kicheko chao kiliniuma kuliko ujinga wa vijana.

Haya, nakubali shingo upande: viongozi wa dini nao wanatuponza. Mwaka 2021, kwenye uteuzi wa mkubwa wa CENI, tume ya uchaguzi, Wakatoliki na Waprotestanti walimkataa Denis Kadima. Wenzao sita, Waislamu na Wakimbangu wakiwemo, wakamkubali. Si ajabu mtu akiona rozari anadhani ameona kadi ya chama. Lakini alilolisema askofu ni kweli au si kweli, na kanzu yake haibadilishi kitu.

Februari 2025 wajumbe wa CENCO (maaskofu Wakatoliki) na ECC (makanisa ya Kiprotestanti) walikwenda Goma kuongea na Corneille Nangaa, mkubwa wa waasi walioushika mji huo, nikasikia hapa wakiitwa wasaliti. Sawa, lakini walimwambia nini? Walibeba pendekezo gani? Waliowatukana hawakuwa na habari, wala hawakuitaka. Mimi ule Mkataba wa Jamii wao, pendekezo lao la amani, nina mashaka nao: naogopa utampa mwenye bunduki kiti ambacho mwenye kura amenyimwa. Nalisema hilo nami ni Mkatoliki, mama yangu yuko kwenye kwaya ya parokia, na juu ya jambo hili hatuelewani hata kidogo. Yeye anasema bila kuongea na Nangaa watoto wa Goma watakula nini. Bado sijapata la kumjibu.