Rufiji ya kwenye karatasi

Stiegler, mpimaji wa enzi ya Mjerumani, aliuawa na tembo kwenye korongo la mto Rufiji mwaka 1907, na korongo likachukua jina lake. Januari 1917 Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa kapteni vitani, alipigwa risasi akafa huko Beho Beho, katika bonde hilo hilo. Mwaka 1922 pori la akiba likaitwa Selous. Ukisoma ramani ya kikoloni ya Rufiji bila kujua historia, utadhani bonde zima ni makaburi ya wageni wawili, mto ukipita katikati.

Ndiyo maana wapo wanaoziona ramani za kikoloni za Rufiji kuwa hati za unyang'anyi tu, na hoja yao ina uzito. Miaka ya 1940 Mwingereza aliwahamisha watu wa upande wa Liwale kwa kisingizio cha malale, na pori likapanuka. Karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizokuja baadaye zikakuta mahame, zikachora miti. Leo mtu akidai hapo hapajawahi kukaliwa, karatasi inamwitikia.

Ila kontua, mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, ni habari nyingine. Ndege ilipiga picha zinazopandiana, mbili mbili zikatazamwa kwa stereoskopu, kifaa kinachounganisha picha mbili zionekane na kina, hadi kilima kikainuka mezani, na mchoraji akafuata kimo kimoja kuzunguka mbavu zake. Kazi hiyo haikuhitaji kumpenda wala kumchukia mtu. Na tangu Desemba 2022, bwawa la umeme la megawati 2,115 lilipoanza kujazwa, sakafu ya bonde juu ya korongo imo majini. Anayetaka kujua kijito gani kiliteremkia wapi, karatasi hizo ndizo shahidi wake.

Chini ya korongo, ushahidi unalegea. Rufiji huhama, maziwa kama Tagalala na Nzerakera yalizaliwa na mto uliobadili njia. Nahodha atakayefuata mkondo wa ramani ya zamani atakwama mchangani kabla ya chai ya saa nne.

Mimi vimo naviamini, mkondo kwa tahadhari, majina na nafasi tupu siviamini kabisa. Bwawa sasa ni la Mwalimu Nyerere, na hifadhi ya taifa iliyomegwa kutoka pori lile mwaka 2019 nayo ni yake. Korongo wengi bado wanaliita Stiegler.