Pilipili ya gunia, pilipili ya nyongeza

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo zote pilipili? Mmefungua hoteli?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kwangu Albuquerque saa tano asubuhi, kwa mama Muheza saa mbili usiku. Nimekaa chini jikoni, glovu mikononi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta, na mbele yangu mabeseni matatu ya pilipili zilizochomwa, bado zinatoa mvuke. Nikamwambia ni ratili 25, kama kilo kumi na moja na ushei. Mama akanyamaza kidogo. Kwake yeye pilipili haijawahi kuwa na kilo. Pilipili ni kitu anachokuwekea muuza mboga juu ya fungu la nyanya ukishamlipa, ukimwambia "na nyongeza basi".

Nimekaa miaka tisa katika jimbo hili la New Mexico, na kama kuna jambo moja nililojifunza huku ambalo natamani tungelichukua, si barabara wala mishahara. Ni jinsi watu hawa wanavyoitendea pilipili.

Mwaka wangu wa kwanza, mhudumu wa mgahawa aliniuliza swali moja kabla hajaandika chakula: nyekundu au kijani? Kwa Mtanzania swali hilo lina maana moja tu, Simba au Yanga. Nikamkodolea macho nikijiuliza huyu kajuaje. Kumbe anauliza nimwagiwe mchuzi wa pilipili gani. Swali hilo liliingizwa rasmi na serikali ya jimbo mwaka 1996 kuwa swali la jimbo, kama vile majimbo mengine yanavyokuwa na ua lao au ndege wao. Ukitaka zote mbili unajibu "Krismasi". Na zote mbili ni mmea uleule: ya kijani imechumwa mbichi, nyekundu imeachwa shambani ikaiva, ikakaushwa, ikatungwa mikungu mirefu inayoning'inizwa kwenye vibaraza.

Basi ya kijani ndiyo yenye msimu. Inaanza mwezi wa nane, inakwenda hadi Septemba na kidogo baadaye. Inatoka kusini, kwenye mashamba ya bonde la mto Rio Grande, na mji mdogo wa Hatch ndio uliobeba jina. Siku hizo kwenye maegesho ya magari ya maduka makubwa utakuta mtu amesimama na pipa la wavu wa chuma, limelala ubavu, chini yake midomo ya gesi inanguruma. Unanunua gunia lako ndani, unalibeba hadi kwake, analimimina pipani na kuanza kuzungusha. Dakika chache tu ngozi zinapasuka, zinababuka, vipande vyeusi vinaruka kama masizi. Halafu anakumiminia kwenye mfuko wa plastiki, unaukunja mdomo, na njia nzima gari linanuka.

Hiyo harufu ndiyo iliyonishtua. Nyumbani, pilipili ikiungua, mtu hukimbia. Marehemu bibi yangu alikuwa akitupa pilipili kavu na chumvi ya mawe kwenye mkaa kuondoa husuda, nasi watoto tulikohoa mpaka machozi, na kukohoa kwetu kukawa ushahidi kwamba husuda ilikuwepo. Nilipofika hapa na kuona mistari ya watu wanasogea kuelekea moshi nilishangaa. Lakini hii mbichi moshi wake haukabi hivyo. Una utamu, kama muhindi wa kuchoma uliokutana na jani bichi. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria kuifanya harufu ya pilipili ya kijani inayochomwa kuwa harufu rasmi ya jimbo. Mama nilipomweleza hilo alicheka hadi simu ikamponyoka. Bunge zima?

Bunge zima, mama.

Nisidanganye, pilipili yenyewe si kali sana. Ni ndefu, nene, na aina inayoitwa Big Jim inaweza kufika futi moja. Kuna dada wa Kikongo ninayekaa naye jengo moja, mtu wa Uvira, aliyeletwa hapa na mpango wa wakimbizi. Nilimpa moja aionje, akatafuna yote huku ananitazama, kisha akasema: "Dada, hii si pilipili. Hii ni mboga." Alikuwa hajui kwamba jimbo lenyewe lilishaitangaza mboga yake tangu 1965, pamoja na maharage. Sasa anaikatakata kwenye sombe, yaani kisamvu, na ile pilipili yake ya Kikongo anaiweka pembeni kwa wenye roho ngumu.

Upole huo haukutokea bure. Kulikuwa na mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Fabián García, mzaliwa wa Mexico, kwenye chuo cha kilimo cha Las Cruces ambacho leo ni chuo kikuu cha jimbo. Alichukua pilipili za mashamba ya hapahapa, akazichagua na kuzizalisha miaka na miaka, mpaka akatoa mbegu iliyoitwa New Mexico No. 9: pilipili zinazolingana ukubwa, zenye ukali wa wastani, zinazomenyeka kwa urahisi. Karibu pilipili zote ndefu za hapa zina asili yake humo. Chuo hicho bado kina taasisi inayoshughulika na pilipili tu. Watu wanasomea pilipili.

Sisi je? Hata jina tuliazima. Neno pilipili lilikuwa la ile ya punje nyeusi, pilipili manga, iliyokuja na majahazi. Hii nyingine ilipofika kutoka Amerika baada ya Wareno tukaitupia jina la mwenzake. Wazee wakisema pilipili hoho walimaanisha ile inayowasha, leo sokoni hoho ni lile dude la kijani lisilowasha hata kidogo. Na zile tulizojitahidi kuzipa majina, moja tumeiita mbuzi, nyingine kichaa.

Turudi jikoni, maana mimi si mwanasiasa. Mwaka wa kwanza nilimenya gunia zima bila glovu. Nilijiambia, mimi mtoto wa Tanga, nimekula pilipili mbuzi tangu sijaota meno, hii mboga itanifanya nini? Jioni vidole vikaanza kupata moto. Usiku nikajisahau nikajifikicha jicho. Nikakimbilia maji, na maji hayasaidii kitu, kwa sababu ule ukali hauyeyuki ndani ya maji, unayeyuka kwenye mafuta. Mume wangu ndiye aliyeniletea bakuli la maziwa, nikalala mikono imelowekwa kama dagaa. Jambo jingine nililojifunza kwa machozi: tulikuwa tunasingizia mbegu. Ukali unakaa kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu. Uondoe huo utando, mtoto atakula.

Kama huna mtu wa pipa karibu nawe, jiko la gesi linatosha. Laza pilipili juu ya moto wenyewe, geuza kwa koleo mpaka ngozi yote iwe nyeusi, si kahawia, nyeusi. Tia kwenye bakuli, funika robo saa ijitokee jasho. Kisha ngozi inatoka kwa vidole. Usiioshe bombani, utamwaga ladha yote ya moshi. Mimi nazigandisha kwenye vifuko vidogo, kila kifuko cha chungu kimoja. Wenyeji wengine wanagandisha na ngozi zake, wanasema humenyeka zikiyeyuka. Kweli, ila mimi nataka kazi iishe siku moja.

Wenyeji wanapika supu nzito ya viazi, kitunguu thomu na nguruwe. Mimi naweka ng'ombe, na bizari nyembamba, ambayo nao wanaitumia, kwa hiyo chungu kinanuka nusu kwao nusu kwetu. Maharage yao ya madoadoa nayaunga kwa tui la kopo, natia kifuko kizima cha pilipili mwishoni, naila na tortilla ya ngano, ambayo ni kama chapati isiyokaangwa kwa mafuta. Lakini pahala pake hasa ni kwenye samaki wa kupaka. Samaki wa kuchoma, tui zito, ukwaju, na pilipili iliyochomwa ikasagwa humo ndani. Moshi unakutana na moshi. Nilimpikia mama mwaka juzi nilipokwenda likizo, nikiwa na vifuko viwili vya zile zilizokaushwa. Akala, akasema kizuri, kisha akanyoosha mkono kwenye kibakuli cha pilipili mbuzi.

Likizo hiyo ndiyo iliyonitia uchungu wa kuandika haya. Ilikuwa Desemba, maembe yameanguka uani mpaka kuku wameyachoka. Nzi. Ndoo tatu tulimwaga shimoni. Machungwa ndiyo usiseme: wilaya yetu inajulikana nchi nzima kwa machungwa, na msimu ukichanganya mkulima anamwomba mwenye lori achukue kwa bei yoyote. Malori mengine yanatoka Kenya, yanapakia, yanaondoka, na chungwa la Muheza likivuka mpaka linakuwa chungwa tu.

Najua nitakachoambiwa. Huko kuna fedha. Jamani, New Mexico ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya Marekani. Nimefanya kazi na watu wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu, gari lenyewe bovu, lakini Agosti gunia la pilipili litaingia ndani. Na mwaka 2011 walijitungia sheria kwamba huwezi kuandika "pilipili ya New Mexico" kwenye kitu ambacho hakikuota New Mexico. Haimalizi udanganyifu, maana bonde la Hatch ni dogo na "Hatch" zinazouzwa Marekani nzima ni nyingi mno. Kama mchele wetu wa Kyela, unaouzwa mpaka maduka ambayo mwenyewe hajui Kyela iko mkoa gani. Tofauti ni kwamba wao walikasirika, sisi tunacheka.

Pia nitaambiwa friza inataka umeme. Hilo nakubali; umeme ukikatika siku mbili, mzigo wote mchuzi. Lakini kabla ya friza watu hawa walikausha juani, na sisi tulikausha. Wanyamwezi na Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu, pwani tuna makopa ya muhogo, tuna ng'onda ya samaki, na bibi huyuhuyu wa husuda alikuwa na mitungi ya achari ya embe inayofika Ramadhani. Mitungi ile ipo mpaka leo. Ina sabuni ya unga ndani.

Sisemi huku ni peponi. Pilipili hizi zinachumwa kwa mkono, mtu ameinama kutwa juani, na wachumaji wengi wanatoka upande wa pili wa mpaka au ni watoto wa waliotoka huko. Vijana wa hapa hawataki kazi hiyo. Mwaka 1992 jimbo lilikuwa na zaidi ya ekari 34,000 za pilipili. Siku hizi hazifiki 10,000, maana ya Mexico ni rahisi na maji ya Rio Grande yanapungua. Kwa hiyo sifa ni kubwa kuliko shamba. Na kuna siku namkumbuka muuza mboga wetu wa stendi, yule asiyepima, anayetupia pilipili nne na kukuuliza mama hajambo. Hapa hata mtu wa pipa unamlipa kuzungusha.

Nilimwambia mama yote hayo jioni ile ya ndoo tatu. Kwamba tungekausha yale maembe, kwamba tungeyapa jina. Alikuwa anachambua mchele.

"Nikaushe ili iwe nini?"

"Ule mwezi wa sita, mama."

"Mwezi wa sita kuna machungwa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nimelitafuta. Nadhani jibu ni kwamba machungwa nayo yataoza. Lakini ukweli ni kwamba mtu asiyewahi kukosa tunda uani kwake humshawishi kwa friza.

Sasa ni Machi. Agosti niliweka vifuko 34, nimevihesabu asubuhi vimebaki sita. Nimemwambia mume wangu kuanzia leo hakuna kutia pilipili kwenye mayai. Ni ya samaki na ya wageni. Ameitikia. Lakini mchana nimekuta kifuko kwenye sinki, kinayeyuka, na yeye yuko dukani ananunua mayai.