Nimeomba kadi, nikaonyeshwa mataa

Ukitaka kuunda kompyuta ya kurenda (kugeuza michoro ya 3D kuwa picha au video) hapa Tabora, jiandae kuchoshwa. Unamwambia muuzaji unatumia Blender, programu ya 3D, unatafuta kadi ya grafiki yenye memori ya kutosha. Yeye anawasha keisi yenye mataa. "Mashine mpya hii kaka, inapiga gemu zote." Nani kauliza gemu? Nataka kadi ya RTX 3060 yenye memori ya GB 12. Ananisukumia 4060 ya GB 8 eti ndiyo toleo jipya. Sawa, ina kasi zaidi, lakini kazi ikizidi memori ya kadi, renda inagoma au inajikokota. Na pawasaplai, kile kifaa cha kulisha kompyuta umeme, je? "Inatosha tu." Wati ngapi? Kimya, na stika yenyewe imebanduliwa! Halafu bei imebebeshwa nauli ya kutoka Kariakoo, na kifaa kikiungua, mzigo haurudishwi.