Mwalimu wa Kifaransa Nyanda za Juu Kusini: Mkongomani wa Jirani au Mtanzania Aliyejifunza Darasani?

Mtu anayetafuta mwalimu binafsi wa Kifaransa Mbeya, Tunduma au Iringa hupewa ushauri wa aina moja kabla hata hajamaliza kuuliza: mtafute Mkongomani. Ushauri huo haukuzuka hivi hivi. Barabara ya TANZAM inapita katikati ya Jiji la Mbeya, inavuka mpaka Tunduma na kuunganika na njia inayofika Kasumbalesa na Lubumbashi, huko Kongo. Shaba ya Katanga inapita hapa ikielekea bandari ya Dar es Salaam, na pamoja na mizigo hiyo wamekuja madereva, wafanyabiashara na familia ambazo kwao Kifaransa ni lugha ya shule, ya ofisi na ya nyaraka za serikali. Mzazi anayemsikia jirani yake akizungumza na simu kwa Kifaransa kisichokatika anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kwa nini amlipe kijana wa Kitanzania aliyekisomea chuoni, ambaye pengine hajawahi kukanyaga nchi yoyote inayokitumia.

Sababu za kujifunza zinajulikana, sitazirefusha. Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi za SADC. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo imeingia 2022. Wakala wa forodha Tunduma anakihitaji kwa mteja wa Lubumbashi, muongoza watalii wa Iringa anakihitaji kwa wageni wa Ruaha, na tangu 2023, Kanada ilipoanza kuwachagua kwa kundi lao wahamiaji wanaojua Kifaransa, wamo pia vijana wenye shahada wanaokipigia hesabu hiyo. Wote hao hawana karibu kituo cha Alliance Française, taasisi inayofundisha Kifaransa. Vilivyopo viko Dar es Salaam na Arusha. Kwa hiyo huku kwetu mwalimu wa nyumbani si nyongeza ya darasa, bali mara nyingi ndiye darasa lenyewe, na kosa la kumchagua vibaya halina pa kusahihishiwa.

Tuanze na upande wenye sauti kubwa. Anayejifunza kwa Mkongomani anasikia Kifaransa kwa kasi yake halisi tangu siku ya kwanza, na anazoea kujibu papo hapo badala ya kutunga sentensi kichwani kwanza. Anapata pia Kifaransa kinachotumika upande wetu wa Afrika. Mfano mdogo lakini wenye uzito kwa mtu wa biashara ni namba: Kongo imerithi hesabu ya Kibelgiji, ambapo sabini ni *septante* na tisini ni *nonante*, ilhali mwanafunzi aliyefundishwa Kifaransa cha Ufaransa anajua *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix* tu. Karani wa mizigo asiyejua *nonante* anaweza kuduwaa mbele ya bei anayotajiwa na mteja wake, na bei ni jambo ambalo karani hatakiwi kubahatisha. Isitoshe, mtu wa Lubumbashi anazungumza Kiswahili, hata kama si sawa na chetu, hivyo hoja kwamba hawezi kumweleza mwanafunzi wa Kitanzania haina nguvu. Wamo pia miongoni mwao waliosomea ualimu katika vyuo vya ualimu vya kwao. Na wale wanaosema kwamba Kifaransa cha Kongo ni kibovu wanasema kwa chuki tu. Ni Kifaransa cha mamilioni ya watu waliosoma, wanaofundisha na kuhukumu kesi kwa lugha hiyo.

Hayo yote nayakubali. Ninachopinga ni hitimisho linalotolewa haraka baada yake, kwamba Mtanzania aliyejifunza darasani ni mwalimu wa daraja la pili, wa kuchukuliwa pale tu Mkongomani anapokosekana. Nadhani mwalimu huyu anahukumiwa kwa kipimo kisicho chake.

Watu husahau kwamba Wakongomani wengi hawakukinyonya Kifaransa kwa mama. Nyumbani walizungumza Kiswahili, Kilingala, Kikongo, Tshiluba au lugha nyingine za makabila yao, na Kifaransa walikikuta shuleni. Tofauti ni kwamba shule hiyo iliwafundisha hesabu, historia na sayansi kwa Kifaransa, mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu ya saa. Hakuna aliyelazimika kuwapangia lugha hiyo kidogo kidogo, kwa sababu ilikuwa imewazunguka. Hata mwalimu wa kweli aliyesomea kazi yake Kongo aliandaliwa kufundisha watoto wanaokisikia Kifaransa kutwa. Binti wa Kihesa au Uyole anayekisikia saa mbili kwa wiki ni mwanafunzi wa aina nyingine kabisa.

Saa hizo mbili kwa wiki ndizo ningependa tuzitazame kwa makini, maana naamini zinaamua mjadala huu kuliko lafudhi. Makadirio yanayotumiwa sana na wanaofundisha Kifaransa kwa wageni ni kwamba ngazi ya kwanza katika kipimo cha lugha cha Ulaya, A1, inahitaji saa kati ya 60 na 100 za masomo. A2, ngazi inayofuata, inafikiwa kwenye saa 160 hadi 200, zikihesabiwa tangu mwanzo. B1, ambapo mtu anaanza kujitegemea, kwenye saa 360 hadi 400. Na B2 kwenye saa 560 hadi 650. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayowafundisha wanadiplomasia wake, hukadiria Kifaransa kati ya saa 600 na 750 za darasani ili mtu afanye nacho kazi, na hao ni watu wazima wanaolipwa kukaa darasani kutwa nzima.

Sasa tuzilete hesabu hizo Mbeya. Mwanafunzi anafundishwa mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara. Tukiondoa likizo, mitihani, misiba, mvua kubwa na siku ambazo mwalimu ana dharura, mwaka unabaki na wiki 40 za kweli. Hizo ni saa 80. Kwa mwendo huo B1 ipo miaka 5 mbele, na mzazi aliyeahidiwa kwamba mtoto ataongea ndani ya miezi mitatu ameahidiwa saa 24 hivi, ambazo hazitoshi hata kuimaliza A1. Lakini mwanafunzi yuleyule akipewa kazi ya saa moja kila siku, siku tano kwa wiki, anaongeza saa 200 kwa mwaka. Makadirio yale ni ya saa zenye mwalimu, na saa ya kujisomea haina uzito huo, kwa hiyo tuihesabu kwa nusu: 200 zinakuwa 100, pamoja na 80 za mwalimu tunapata 180, na ile B1 ya miaka 5 inasogea hadi miaka miwili na miezi michache.

Maana yake ni kwamba katika mwaka mzima mwanafunzi anayefanikiwa anakaa na mwalimu saa 80 na anakaa peke yake saa 200. Wazazi wetu humchagua mwalimu kwa namna anavyozijaza zile 80, wakati matokeo yanategemea zaidi namna anavyoziongoza zile 200: anampa mwanafunzi nini cha kusikiliza, anataka aandike nini, anakagua vipi, anajuaje kwamba kilichofundishwa Jumanne hakijapotea Ijumaa. Mtu aliyezungukwa na lugha hakupata nafasi ya kulifikiria swali hilo. Mtanzania aliyejifunza Kifaransa akiwa Tanzania amelifikiria kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Anajua kwamba taarifa za habari za Kifaransa chepesi za RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, zinaweza kupakuliwa kwenye simu mahali penye mtandao na kurudiwa usiku. Anajua kwamba televisheni ya Kifaransa ya TV5MONDE inatoa mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi. Anajua ni wiki ya ngapi mwanafunzi huchoka na kuanza kudanganya kwamba amesoma.

Kuna pia suala la makosa yenyewe. Nimepata kuona daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa, ambaye mwalimu wake ni Mtanzania. Mwanafunzi ameandika *je suis quinze ans*, kosa ambalo chanzo chake ni Kiingereza. Mwalimu hakuikata sentensi. Ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa Kiswahili unasemaje? Nina miaka 15. Kifaransa nacho kinasema *nina*." Chini yake mwanafunzi amesahihisha mwenyewe, *j'ai quinze ans*, halafu ameongeza bila kuambiwa *j'ai faim*, *j'ai peur*, nina njaa, nina hofu. Kwa mstari mmoja wa wino mwekundu mtoto amegundua kwamba Kiswahili chake kinaweza kumfikisha kwenye Kifaransa haraka kuliko Kiingereza alichodhani ndiyo njia pekee.

Mwalimu wa namna hiyo anajua pia kwamba Mswahili hana sababu ya kuogopa jinsia za nomino za Kifaransa kwa kiasi tunachotishwa, kwa kuwa anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri na nyumba nzuri bila kufikiri amekwisha kuzoea upatanisho. Anajua kwamba tatizo letu kubwa liko masikioni: *tu* na *tout* kwetu ni sauti moja, na *vin*, *vent* na *vont* hutuchanganya hadi ngazi za juu. Mzungumzaji mahiri atairudia *tu* mara kumi, kila mara kwa usahihi, na mwanafunzi atashindwa mara kumi. Aliyewahi kushindwa mwenyewe atamwambia aseme "i", kisha, bila kuusogeza ulimi, akusanye midomo kama anayesema "u". Sauti inatoka hapohapo.

Mtihani nao una lake la kusema. Vyeti vya DELF, vinavyotolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa na visivyokwisha muda, hupima stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa 100, lakini anayepata chini ya 5 katika stadi yoyote anafeli, hata jumla yake ikiwa juu. Katika B1 anatakiwa kuandika maneno yasiyopungua 160 yenye hoja iliyopangwa. Kijana aliyefundishwa kwa mazungumzo matupu anaweza kuingia chumba cha mtihani akiwa mcheshi na mwepesi wa kujibu, akaangushwa na karatasi ya kuandika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkagulia aya moja.

Sitaki kumpamba mwalimu wa Kitanzania kupita haki yake. Wapo wanaofundisha kanuni za sarufi ubaoni mwaka mzima bila mwanafunzi kufungua mdomo. Wapo wenye cheti wasioweza kuhimili mazungumzo ya dakika tano, na wanaolijua hilo huwakwepa Wakongomani wa mtaani kwao badala ya kujifunza kwao, jambo ambalo naliona la kusikitisha. Tena ni wachache: shule zinazofundisha Kifaransa mikoa yetu ya kusini si nyingi, na mwalimu mzuri unayempata huja jioni akiwa amechoka na vipindi vya mchana. Ndiyo maana uraia peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni somo moja la majaribio, mzazi akiwa amekaa chumbani humo. Asikilize nani anazungumza zaidi katika saa hiyo. Kama ni mwalimu, hata kwa Kifaransa kitamu namna gani, fedha inalipia maonyesho. Aulize mwanafunzi atafanya nini hadi somo lijalo, na atakaguliwa lini. Aulize mwalimu ana ngazi gani na kwa cheti kipi; ikiwezekana iwe B2 au zaidi. Kwa asiye raia aulize pia habari ya kibali cha kazi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira kwa wageni inamgusa, na ni afadhali jambo hilo lijulikane mwanzoni kuliko masomo kukatika katikati.

Mahali ambapo ningemshauri mtu aanze moja kwa moja na Mkongomani ni pale mahitaji yake yalipo finyu na ya haraka: karani wa Tunduma anayetaka kuelewana na madereva na wenye mizigo, asiyehitaji cheti wala barua ndefu. Huyo asipoteze muda. Kwa mtoto wa sekondari, kwa anayeiwazia Kanada, ambako kusoma na kuandika vinapimwa sawa na kuzungumza, na kwa muongoza watalii anayetaka kufika mbali, ningeanza na Mtanzania aliyejifunza darasani, hata kama analipwa sawa na yule mwingine au zaidi. Gharama ikizidi, wanafunzi watatu au wanne wa ngazi moja wachange wakae meza moja, maana kazi ya zile saa 200 inabaki ileile. Baada ya mwaka hivi, A2 ikiwa imekaribia, ndipo saa moja ya kila wiki iende kwa jirani wa Lubumbashi, kwa mazungumzo tu, bila daftari, na mwalimu wa kwanza aendelee kukagua maandishi. Wakati huo mwanafunzi atakuwa na cha kujibu, na *nonante* ataijifunza siku ya kwanza atakapoambiwa bei.