Barafu Moja, Tena Bila Aibu

Saa mbili usiku, mwezi wa Machi, Tudor, Mombasa. Feni inazunguka, lakini kazi yake ni kuhamisha joto tu kutoka kona moja hadi nyingine. Mezani pana korosho, tende tatu na chupa ya wiski ya Scotland, Balvenie DoubleWood ya miaka 12. Natia kipande kimoja cha barafu kwenye glasi. Kinalia ta! na kupasuka. Najua kuna watakaonisuta.

Wajuzi husema wiski ya namna hii inywewe bila barafu, kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Cha kwao Scotland labda ni nyuzi 18. Changu usiku huu hakipungui 28. Ukiinusa kwa joto hilo, kinachokupokea mlangoni ni spiriti, inakuchoma pua, na utamu wote ulioulipia unabaki umejificha nyuma yake. Kipande kimoja kinaituliza. Vitatu vinaiua, maana baridi kali nayo hufunga harufu. Basi natia kimoja, nasubiri dakika tano.

Ninachokisubiri ni kazi ya mapipa. Kwa miaka yake mingi wiski hii hukaa katika mapipa ya mwaloni yaliyotoka Marekani. Kule sheria inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, iwekwe kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo yakishatumika huuzwa, na Scotland wanayachangamkia. Humo ndimo inamopata vanila na asali. Mwishoni, kwa miezi tisa hivi, huhamishiwa mapipa yaliyokuwa na sherry aina ya oloroso, na hapo ndipo zabibu kavu, lozi na mdalasini zinapoingia. Aliyeanzisha mchezo huu pale kiwandani Balvenie ni fundi wao mkuu wa wiski, David Stewart, miaka ya 1980, na DoubleWood yenyewe ikatoka 1993.

Sherry ni mvinyo wa Jerez, kusini mwa Hispania, mji ambao Waarabu walipoutawala waliuita Sherish. Na sisi watu wa Pwani tusijifanye wageni: "pipa" na "mvinyo" ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, pamoja na Fort Jesus.

Zipo wiski zilizokaa kwenye sherry maisha yao yote, na wengi huziona ndizo bora. Mimi hapana, si kwa joto hili. Niliwahi kuwa na chupa moja. Ilikuwa kama kunywa asali ya tende mchana wa jua. Sherry kwa wiski naiona kama iliki kwa chai. Ikizidi, unakunywa iliki.

Chupa hiyohiyo niliilaza kabatini kama mvinyo, ujinga wangu mwenyewe. Spiriti ikakila kizibo, siku ya kufungua kikavunjikavunjika ndani, nikaishia kuichuja kwa kichujio cha tui. Tangu hapo zangu husimama wima, mbali na dirisha.

Mwezi uliopita mjomba alinitembelea kutoka Rabai. Yeye ni mtu wa mnazi, na vya chupa huviita dawa ya kikohozi. Nikammiminia kidogo. Akanusa, akaonja, akanyamaza kwa muda.

"Mpwa, hii inanuka haluwa."

Nimesoma maelezo mengi ya wiski hii, na hakuna aliyenifikishia vizuri kuliko hivyo. Ni haluwa kweli, ile nyeusi, yenye sukari iliyokaribia kuungua.

Kisha akaniona nikidondosha maji kwenye glasi yangu, akaangua kicheko. "Kumbe! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Nikamwambia mgema wa wiski hangoji hata kusifiwa. Wiski hutoka pipani ikiwa na kileo asilimia 55 au zaidi mara nyingi, wenyewe huitia maji hadi ishuke kwenye 40 au 43 kabla ya kujaza chupa, na sheria yao hairuhusu iende chini ya 40.

"Yaani wao wana sheria ya kutia maji, wagema wetu wanatukanwa?"

Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata alirudi na robo kilo ya haluwa aliyoipitia mjini, akauliza kama barafu ipo.